Viti 3 vya ZPPP, viti 22 vya CUF

Mzee alizoa kete za bao, akazipanga kwenye sakafu ya baraza mafungu matatu: 10, 10 na 3.

"Hawa Afro," akasema, kidole kikigusa fungu la kwanza. "Hawa Hizbu. Na hawa ni akina Shamte. Haya niambie, mjukuu wangu, mkubwa nani hapa?"

Ilikuwa baada ya alasiri, Malindi ya Unguja, na mazungumzo yalikuwa yameanzia mbali kabisa na zama za siasa. Kijana mmoja alikuwa akisoma kwenye simu habari za vyama vya upinzani vinavyotaka kusimamisha mgombea mmoja. Akasema chama kidogo kikiingia kwenye mseto kinakwenda kula tu, maana hakina wabunge. Mzee hakubishana naye. Alizoa kete.

Nikamjibu: "Babu, wakubwa ni hawa wa kumi kumi."

"Basi mbona Waziri Kiongozi alitoka kwa hawa watatu?"

Magharibi ikaadhiniwa, watu wakanyanyuka. Suali lile, la uchaguzi wa Zanzibar wa Juni 1961, nimelala nalo na kuamka nalo wiki kadhaa sasa. Jibu la haraka ninalo, kama mlivyo nalo nyote: Hizbu walimhitaji Shamte ili wapate wingi. Lakini kila nikilisema naona halitoshi. Hizbu walimhitaji, sawa. Na yeye je, hakuwahitaji wao? Aliyehitajiwa na anayehitaji, nani anamfuata mwenzake?

## Karatasi na kalamu

Matokeo yenyewe mnayajua, kwa hiyo nayapita mbio. Januari 1961, viti 22 vya kuchaguliwa: ASP (ndio Afro-Shirazi) 10, ZNP (ndio Hizbu) 9, ZPPP (ndio akina Shamte) 3. Serikali haikusimama. Juni uchaguzi ukarejewa, kikaongezwa kiti kimoja ili isitoke sare: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Hizbu na ZPPP walikuwa wamekubaliana wasishindane majimboni, wakaungana wakawa 13, na Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963, viti 31: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. Shamte, ambaye sasa cheo chake kilikuwa Waziri Mkuu, akaendelea hadi uhuru wa tarehe 10 Disemba, na hadi Mapinduzi ya Januari iliyofuata.

Nilichofanya ni kuuliza kila uchaguzi suali moja. Ni miseto gani ingeweza kuunda serikali, na katika kila mseto, nani akitoka unaanguka?

Juni 1961 wingi ulikuwa viti 12. ASP na ZNP pamoja ni 20. ASP na ZPPP ni 13. ZNP na ZPPP ni 13. Wawili wowote wanatosha, na hakuna anayetosha peke yake. Kila chama kimo katika miseto miwili kati ya hiyo mitatu, na kikijitoa, mseto huo umekwisha.

Kwa hesabu hiyo, fungu la kete 3 lina nguvu sawa na fungu la kete 10.

Nikadhani ni sadfa ya Juni ile. Nikarudi Januari: wingi 12, na 9 kujumlisha 3 ni 12 kamili. Wawili wowote wanatosha, tena. Nikaenda 1963: wingi 16. ASP na ZPPP ni 19, ZNP na ZPPP ni 18, ASP na ZNP ni 25. Wawili wowote wanatosha, kwa mara ya tatu.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini.

Baina ya 1961 na 1963 ZPPP ilizidisha viti vyake maradufu, na nguvu yake katika kuunda serikali haikuongezeka hata chembe. ASP iliongeza viti vitatu, ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote zilizopigwa, ikabaki palepale ilipokuwa. Kwamba asilimia 54 ya kura zilizaa viti 13 tu kati ya 31 ni jambo la mipaka ya majimbo, na lina uchungu wake, ambao wengi wenu mmeusikia kwa wazee wenu. Lakini tazameni: hata ASP ingepewa viti 14, au 15, bado isingetawala bila mwenziwe. Kiti cha 14 kisingeleta kitu. Cha 15 kisingeleta kitu. Cha 16 kingeleta kila kitu, na siku hiyo hiyo wale wengine wawili, wakiwa na viti vyao 15 kwa pamoja, wangebaki mikono mitupu.

Sisi tumezoea kufikiri nguvu inapanda kwa kadiri viti vinavyopanda. Haipandi hivyo.

## Luxembourg

Hesabu hii si yangu. Mwingereza Lionel Penrose aliiandika 1946, na mwanasheria wa Marekani John Banzhaf akaifikia kwa njia yake 1965, alipotaka kuonyesha kwamba kumpa mtu kura nyingi si lazima kumpe nguvu nyingi.

Mfano ulionikaa kichwani ni wa Ulaya, 1958. Nchi sita zilipoanzisha Jumuiya yao ya Kiuchumi zilipeana kura kwa ukubwa: Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Italia kura 4 kila moja, Ubelgiji na Uholanzi 2, Luxembourg 1. Jumla 17. Ili pendekezo la Tume yao lipite kwa kura hizo za uzito, zilitakiwa 12.

Zitazameni kura za wale wengine watano. Zote ni namba shufwa: 4, 4, 4, 2, 2. Ukizijumlisha vyovyote utakavyo hupati 11. Utapata 10 au utapata 12. Kwa hiyo ile kura moja ya Luxembourg haikuweza kamwe kuliokoa pendekezo wala kulizamisha. Nchi ndogo ile ilikuwa na kiti, bendera na kura yake iliyoandikwa kwenye mkataba, na kwa kanuni ile haikuwa na nguvu yoyote. Ukilinganisha idadi ya watu wake na ya Ujerumani utasema ilipendelewa kupindukia.

Kwenye karatasi ilipendelewa. Kwenye kuamua haikuwepo.

## Mlango wa nyuma

Na hata hivyo sikuridhika. Hesabu inasema mwaka 1961 vyama vitatu vilikuwa sawa, na kila aliyeishi zama zile atakwambia hapana. Nani alihisi yuko sawa?

Kasoro ni hii: hesabu inadhania kila chama kinaweza kukaa na kila chama. Unguja ya 1961 haikuwa hivyo. Afro na Hizbu kukaa serikali moja, baada ya kampeni zile, baada ya watu kususiana maduka na mazishi? Futa mseto huo kwenye karatasi. Inabaki miwili, na ZPPP imo katika yote miwili, wakati wengine wamo katika mmoja mmoja. Sasa kete 3 zimezishinda kete 10. Hili, naamini, ndilo mzee alilokuwa akinipeleka.

Lakini endelea kufuta. ZPPP wenyewe walikuwa wamejitenga na Afro-Shirazi mwaka 1959, na kujitenga kwa ndugu kunauma kuliko uadui wa jirani. Je, wangeweza kurudi? Kama jibu ni hapana, basi mseto wa ZPPP na ASP nao unafutika, na mlango umebaki mmoja tu. Chama chenye mlango mmoja hakimtishi mtu kwamba kitatoka.

Hapa nilikaa muda mrefu zaidi kuliko popote. Nyumbani kwetu upande wa baba walikuwa Afro na upande wa mama Hizbu, na mambo ya miaka ile hayazungumzwi chakula kikiwa mezani. Juni 1961 watu 68 waliuawa katika ghasia za siku za uchaguzi. Baada ya damu ile, kiongozi wa chama kidogo alikuwa na uhuru gani wa kuamka asubuhi akasema nimebadilisha mshirika? Kila maiti ilifunga mlango. Nguvu yake ya karatasi ilibaki vilevile 1963, lakini uwezo wa kuitumia ulikuwa umepungua mbele ya macho ya wote, na nadhani washirika wake waliliona hilo mapema kuliko yeye.

Kwa hiyo cheo cha Waziri Kiongozi nakiona sasa kwa jicho jingine. Kilikuwa malipo ya kuungana, na malipo yalitolewa mwanzoni. Ukishalipwa, na njia ya kutokea imezibwa, unabaki na cheo.

## Watatu waliogawanyika

Kuna siku moja katika habari hii ambayo karatasi yangu iliniwia vigumu kuikubali. Ni Januari ile ya kwanza.

ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kwa hesabu, ZPPP ilikuwa mshika mizani, ingeweza kumpa serikali yeyote iliyemtaka. Haikumpa yeyote. Wajumbe wake wawili walikwenda Hizbu, mmoja akaenda Afro. Ikawa 11 kwa 11, ikabidi iundwe serikali ya muda na uchaguzi urejewe.

Chama cha watu watatu, kikiwa na ufunguo mkononi, kiliuvunja vipande viwili.

Ongeza juu yake kwamba kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja. Moja. Kura hiyo ingeangukia Hizbu, matokeo yangekuwa ZNP 10 na ASP 9, na mgawanyiko ule ule wa wawili kwa mmoja ungewapa Hizbu 12 na serikali Januari ile ile. Hakuna uchaguzi wa Juni. Ghasia za Juni sijui. Mpiga kura mmoja wa Chake Chake na mjumbe mmoja wa ZPPP, watu wawili, ndio walioshika nchi siku ile, na yule wa kwanza hakujua.

Tunapogawa nguvu kwa vyama tunasahau kwamba chama ni watu. Viti 3 vina nguvu ya mseto vikiwa 3. Vikiwa 2 na 1, ni nguvu nyingine kabisa, ya mtu binafsi. Mnaofuatilia siasa za leo, za wabunge wanaohama chama saa nane za usiku, mnajua bei ya mtu binafsi ni ndogo kuliko bei ya chama, na ndiyo maana vyama vikubwa hupenda kununua rejareja.

## Nairobi, kwa ufupi

Wakenya walijaribu kuandika mgao kwenye karatasi. Mwaka 2002 NAK ya Mwai Kibaki na LDP ya akina Raila Odinga zilitia saini makubaliano ndani ya muungano wao wa NARC: nusu kwa nusu serikalini. NARC ikashinda kwa kishindo Disemba ile. Kisha LDP ikaanza kulalamika kwamba nusu yake haijaiona.

Kila mara nikisoma habari hii hukutana na neno usaliti. Mimi naona pia hesabu. Juni 2004 Kibaki aliingiza serikalini watu kutoka KANU na FORD-People, vyama vya upinzani. Tangu siku hiyo LDP ilikuwa na mbadala wake tayari kwenye meza. Asilimia 50 iliyoandikwa haikubadilika hata herufi, ila tishio la kuondoka, ambalo ndilo lililoipa thamani, liliyeyuka. Novemba 2005 LDP iliposaidia kuiangusha rasimu ya katiba ya serikali kwenye kura ya maoni, Rais alivunja baraza la mawaziri, na alipoliunda upya akina Raila hawakuwemo. Serikali ikaendelea.

Mshirika ambaye nafasi yake inaweza kujazwa na mwingine hana nusu, hata kama nusu imeandikwa.

## Viti 22

Sasa nifike ninapotaka kufika, na ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 2010, baada ya maridhiano ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF, asilimia 66 ya wapiga kura wa Zanzibar walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK). Sitasema neno baya juu ya siku zile. Watu walirudi kuozeshana. Vijana wa leo hawajui ukimya uliokuwepo kabla yake, na Mungu awaepushe wasiujue.

Uchaguzi wa Oktoba 2010: Dk. Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Baraza la Wawakilishi, majimbo 50: CCM 28, CUF 22. Kwa katiba mpya CUF ikapata Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri kwa uwiano wa viti vyake. Uwiano ule ulikuwa wa haki kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho. Karibu nusu ya nchi, karibu nusu ya wizara.

Ipigieni hesabu ile ile ya kete. Vyama viwili, kimoja kina wingi peke yake. CCM inatosha bila CUF. CUF ikiondoka, hakuna kinachoanguka. Kwa sheria za kawaida na kwa bajeti, nguvu ya viti 22 ni sifuri. Mahali pekee iliposhika mpini ni pale panapotakiwa theluthi mbili, yaani kuibadilisha katiba. Na ndani ya serikali, mawaziri huteuliwa na Rais na kuondolewa na Rais.

Viti 3 vya Shamte vilikuwa na theluthi ya nguvu, kwa hesabu iliyo bakhili kabisa. Viti 22 vya Maalim Seif, vyenye kura za karibu nusu ya Wazanzibari nyuma yake, havikuwa na kitu.

Najua jibu la baadhi yenu, na ni jibu zito. SUK haikuundwa ili CUF iweze kuiangusha serikali. Iliundwa ili isiangushike. Ilikusudiwa kutuondoa kwenye zama za 11 kwa 11, na mtu akitaka kuturudisha huko kwa jina la usawa wa nguvu basi hajazika watu. Jibu hili linanishika kila mara. Ushirika ambao kila upande unaweza kuuvunja ndio huo huo wa 1961.

Lakini basi likaja tarehe 28 Oktoba 2015. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilikuwa na wajumbe 7, wawili kati yao kwa mapendekezo ya upinzani. Hapo nako mgao ulikuwepo, ulioandikwa na kuheshimiwa katika uteuzi. Mwenyekiti alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Wale wawili walijitokeza hadharani kuupinga uamuzi huo. Uchaguzi ukafutwa. Marudio ya Machi 2016 CUF iliyasusia, na Serikali ya Umoja ikabaki jina ndani ya katiba hadi mwisho wa 2020, ACT-Wazalendo ilipoingia.

Wawili kati ya saba. Si kidogo, ukihesabu viti. Lakini wingi wa saba ni nne, na watano waliobaki wanaufikia bila hata kuwatazama wenzao.

## Ninachokitafuta kwenye mkataba

Kijana wa barazani aliniandikia juzi, akaniuliza: vyama hivi vikiungana, chama kidogo kidai viti vingapi?

Nimemjibu kwamba asianzie hapo. Aulize kwanza ni mambo gani hayawezi kuamuliwa bila chama hicho, na yaandikwe moja moja. Aulize kikitoka, nani ataingia mahali pake. Aulize wabunge wake wakigawanyika, mkataba unasemaje. Akishapata majibu hayo, hesabu ya viti inaweza kusubiri hadi kesho yake.

Na kwetu hapa sidai Tume iongezwe wajumbe, wala upande wowote upewe turufu juu ya kila jambo, maana Tume isiyoweza kuamua ni hatari kama ile inayoamua peke yake. Ninadai kitu kidogo zaidi. Sheria iseme wazi kwamba kuufuta uchaguzi kunahitaji kikao, na katika kikao hicho kura 6 kati ya 7. Wajumbe wawili wa upinzani wabaki wawili vilevile. Vitambulisho vya wapiga kura, vifaa, ratiba ya kampeni, yote yaendelee kuamuliwa kwa kura 4. Ila kwa jambo hilo moja tu, watano wasitoshe.